Niliwaimba Ng'ombe wa Ishengoma

Wajukuu zangu, mnanijia na magita yenu mliyonunua Bukoba, mnanikalisha hapa kibarazani na kuniuliza, "Babu, hili ni zuri?" Mimi gita silijui. Ninachokijua ni enanga, na nimeipiga mpaka vidole vyenyewe vilipokataa. Lakini mti ni mti, kwa hiyo nitawaambia hicho ninachokijua.

Msitazame rangi. Gonga ubao kwa kifundo cha kidole, kwanza katikati, halafu pembeni. Ubao mzuri unajibu, kisha unaendelea kujibu kidogo baada ya mkono wako kuondoka. Ubao mbaya unajibu mara moja na kununa. Unuse pia. Ukisikia harufu ya majani mabichi, rudisha, hata kama muuzaji ni shemeji yako. Mti wenye maji ndani utapasuka siku yoyote, na hautakuuliza kama uko tayari.

Haya sikuyapata utotoni. Nilianza kujifunza nikiwa na ndevu na mke, na nilianza kwa sababu kazi yangu ilikufa mbele ya macho yangu.

Nilikuwa mchungaji. Nilichunga ng'ombe wa Ishengoma, mkungu wetu, yaani mkubwa wa kijiji, huko Nyakasimbi. Lilikuwa kundi ambalo watu walisimama njiani kulitazama likipita. Kila ng'ombe alikuwa na jina, na nilikuwa nikiwaita kwa majina asubuhi wanapotoka zizini: Bihogo mwekundu aliyetangulia wengine, Mayenje wa madoa, Gaju, Siina, na wengine wote nyuma yao. Mchungaji ambaye hakujua majina alionekana mtu wa kukodi tu.

Kisha ikaja sotoka. Nyinyi mmeisikia kama hadithi. Ng'ombe anaanza kutokwa machozi kama mtu. Halafu midomo inaoza ndani, anaharisha maji na damu, analala, basi. Bihogo alipolala, Ishengoma alikuja mwenyewe zizini, akakaa chini kwenye samadi na nguo yake nzuri.

"Mpe maji," aliniambia.

"Hanywi, mkungu wangu."

"Mpe hivyo hivyo."

Nikampa. Maji yakatiririka pembeni ya mdomo. Ishengoma akamshika pembe mpaka alipokata roho, kisha akasimama na kuniambia, "Chukua chochote kinachofaa. Ngozi, kano, chochote. Asioze bure." Nikachukua kano za mgongoni, ndefu na nyeupe, nikazianika kwenye paa la msonge wangu. Sikujua za nini. Nilikuwa nafanya nilichoambiwa tu.

Siku hizo tai walikuwa wameshiba hata hawaruki ukiwakaribia. Nyuma ya sotoka ikaja njaa, na nyuma ya njaa ikaja ndui. Mama yangu alikufa. Nyumba mbili za jirani zilibaki tupu, migomba ikaanguka yenyewe bila mtu wa kukata mkungu wa ndizi.

Nami, kila asubuhi, nilikuwa natoka nje na kuwaita ng'ombe. Sikukusudia. Mdomo ulizoea. Nilisimama mbele ya zizi tupu na kuita, Bihogo, Mayenje, Gaju, Siina, mpaka mwisho.

Siku moja mke wangu Nyamwiza akanifuata. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na akisema jambo huwa ameshalifikiria mpaka limekwisha.

"Majirani wananiuliza kama umerukwa na akili," alisema.

"Umewajibu nini?"

"Nimewajibu sijui." Akatazama zile kano juu ya paa. "Kama huwezi kuacha kuwaita, waite kwa enanga. Mtu akiimba na enanga hakuna anayemwita kichaa."

Ndivyo nilivyoingia kazi hii. Watu wengine wanasimulia ndoto na mizimu. Mimi nilitumwa na mke wangu.

Kwa wale ambao hawajaishika enanga: ni gogo lililochongwa kama kihori kidogo, limechimbwa ndani, na juu yake unapita uzi mmoja mrefu wa kano, unakwenda na kurudi ncha kwa ncha mpaka unakuwa nyuzi saba au nane. Unaiweka chini au mapajani, unaipiga kwa vidole vya mikono yote miwili, na unaimba. Kwetu ndiyo iliyotunza habari za watu wakubwa, za vita vyao na kufa kwao.

Fundi wa enanga alikuwa akiishi Isingiro, mtu aitwaye Rwiza. Nilitembea mpaka kwake nikiwa na kano zangu begani. Alinionyesha enanga kadhaa. Moja ilikuwa kubwa, nyekundu, imesuguliwa ikang'aa kama shavu la bibi harusi. Sikutazama nyingine. Nililima kibanja chake cha migomba mpaka akaridhika, nikaibeba ile nyekundu kwa mikono miwili njia nzima, na kila niliyekutana naye nilihakikisha ameiona.

Niliiweka karibu na moto isipate unyevu. Tulikuwa tunakula. Ikalia kishindo kimoja kikavu, Nyamwiza akadhani chungu kimepasuka. Ufa ulianza ncha hii ukaishia ncha ile. Nilikuwa sijaipiga hata mara moja.

Nyamwiza aliendelea kutafuna. Kisha akasema, "Sasa nenda kwa mtu anayejua."

Mtu anayejua alikuwa Katunzi, wa upande wa Bugene. Zamani alipiga enanga mbele ya wakubwa. Nilipomkuta, funza walikuwa wamemla. Nyinyi mnawaona funza ni jambo la kuchokonoa kwa mwiba na kucheka. Wakati ule walikuwa wageni katika nchi, hakuna aliyejua kuwatoa, na watu walikatika vidole. Katunzi hakuwa na vidole vya miguu. Ncha za vidole vya mikono zilikuwa zimekwisha pia, zimebaki vigutu vyenye ngozi inayong'aa. Alikuwa ameketi mlangoni, amejifunika rubugo, ile nguo ya magome ya mti.

Nikamsalimu, nikamweleza habari ya enanga nyekundu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Ulichagua kwa macho."

"Ndiyo, mzee."

"Na mkeo ulimchagua kwa kitu gani?"

"Yeye ndiye aliyenichagua."

"Afadhali," alisema. "Fumba macho."

Akaanza kugonga vitu kwa kigutu cha mkono: kinu, kigoda, kihori cha kukamulia pombe ya ndizi, mlango. Kila kimoja aliniuliza, kikavu au kibichi, kinene au chembamba, kina ufa au kizima. Nilikosea karibu vyote. Nikarudi siku nyingine, nikakosea nusu. Aliniweka kwenye kazi hiyo mpaka nikawa nagonga kila kitu nilichopita, hata Nyamwiza akaniambia nikigonga kichwa chake nitalala njaa. Ndipo Katunzi akasema, "Rudi Isingiro sasa."

Safari hii niligonga kila gogo kwa Rwiza, na hakuna lililonijibu vizuri. Nikiwa nakaribia kukata tamaa nikaona ubao mweusi wa enanga uliokwisha kuchongwa, umeungua upande mmoja, umefunika mtungi wa pombe. Nikaugonga. Ulijibu, ukaendelea kujibu.

"Huo?" Rwiza alishangaa. "Huo niliuharibu kwenye moto siku nyingi. Mke wangu anafunikia pombe."

"Mwambie atafute kifuniko kingine."

Nikavalisha enanga ile kano za Bihogo. Sikilizeni, maana gita lenu pia lina nyuzi. Uzi wa kano huvutwa ukiwa na unyevu kidogo, kisha unauacha ukauke wenyewe. Ukiuvuta mkavu unakatika na kukuchapa usoni. Nina alama hapa chini ya jicho. Siku ya mvua unalegea, basi usishindane nao, usogeze enanga karibu na moto, si karibu sana, na usubiri. Wapigaji wengi wabaya niliowajua walikuwa watu wasioweza kusubiri.

Katunzi alinifundisha bila kuigusa. Aliimba mstari, nami nikautafuta kwenye nyuzi. Vidole vyangu vilikuwa vya kushika fimbo na kukamua, vilianguka juu ya nyuzi kama ndizi zinazoanguka kutoka mgombani. Mbuzi wetu alikuwa anatoka nje nikianza. Mtoto hujifunza bila kujisikia. Mtu mzima anajisikia kila kosa, na hiyo ndiyo kazi yenyewe, kuvumilia kujisikia. Nilikata tamaa mara nyingi. Kila mara Katunzi alisema neno lile lile: "Mimi ningetoa miguu iliyobaki nipate vidole vyako vibaya." Huwezi kumjibu mtu wa namna hiyo. Unainama unaendelea.

Nilipoweza, nikaenda kwa Ishengoma. Nikaketi uani pake mchana, nikawaimba ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, kwa mpangilio waliotoka nao zizini. Nani alikuwa na pembe zipi, nani alizaa pacha, nani aliogopa mto. Ishengoma alijifunika uso kwa nguo mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Uje tena." Nikawa naenda, na watu wakawa wanakuja kusikiliza, mpaka kijiji kizima kikaujua wimbo ule. Akina mama waliutumia kuwabembelezea watoto ambao hawajawahi kumwona ng'ombe.

Wakati huo Wadachi walikuwa wameshaingia nchini na kujenga boma. Boma lilitaka wapagazi. Mara ya kwanza Ishengoma alitoa watu, na wengi hawakurudi. Mara ya pili akasema watu wake wametoka kwenye njaa na ndui, hawawezi mizigo, wasubiri wapate nguvu. Hakupiga mtu, hakuficha silaha. Alisema hivyo tu. Askari wakaja wakamchukua, na huko bomani wakamnyonga.

Amri ikatoka kwamba kusiwe na kilio. Mnajua maana yake kwetu? Mtu mkubwa amekufa, na hakuna anayelia, hakuna anayekaa matanga, wanawake wanapita njiani na majembe midomo imefungwa. Kijiji kizima kilikuwa kama mtu aliyemeza kitu kikamkwama.

Boma likamweka mkungu mwingine, Tibanga. Alikuwa kijana wetu, wa kijijini, mama yake mjane alimlea karibu na kisima. Alikuwa amezoea kupeleka habari bomani na kurudi, na boma likamzoea. Akatangaza sherehe ya kutawazwa kwake, na akaniita nimwimbe.

Nilikwenda kwanza dukani kwa Sefu. Sefu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, baba yake alitoka pwani, aliuza nguo, chumvi na shanga, na askari walimtumia kutafsiri. Kiswahili hiki ninachowasemesha nilikiokota kwenye duka lake, nikikaa juu ya magunia yake ya chumvi.

"Usiende kumtaja marehemu," Sefu aliniambia. "Nakuomba, ndugu yangu. Askari watakuwepo. Wataniuliza umesema nini, na mimi nina watoto."

"Sitamtaja."

"Utaimba nini basi?"

"Ng'ombe," nikasema.

"Ng'ombe hawana ubaya," alisema, akaendelea kupima chumvi.

Sherehe ilikuwa mchana, uwanjani mbele ya nyumba ile ile ya Ishengoma. Tibanga alikaa kwenye kigoda, amevaa kanzu mpya. Askari walikaa upande mmoja na bunduki zao, Sefu katikati yao. Watu walikuwa wengi, na walikuwa kimya kabisa.

"Mwimbaji," Tibanga alisema, "wasikie."

Nikaanza. Bihogo. Nikasema jinsi alivyotangulia. Mayenje wa madoa. Gaju. Sikumtaja mwenye ng'ombe. Hakuna aliyehitaji kutajiwa. Nilipofika kwa Siina nikasikia mwanamke mmoja nyuma akivuta pumzi kwa nguvu, kisha akalia. Halafu mwingine. Nikaendelea, na kilio kikatoka kwa watu kama maji yaliyopasua tuta, wazee na vijana, waume kwa wake, wamekaa chini mikono vichwani. Walikuwa wanamlilia Ishengoma mbele ya waliomnyonga.

Askari mkubwa akasimama. "Huyu anasema nini? Mbona wanalia?"

Sefu akamjibu, "Anaimba ng'ombe waliokufa kwa sotoka, afande. Watu wanalilia ng'ombe wao."

"Ng'ombe tu?"

"Naapa kwa Mungu, afande. Ng'ombe tu."

Na ilikuwa kweli, kila neno. Askari akaketi, akasema kitu juu ya washenzi wanaolilia mifugo, wenzake wakacheka. Mimi nikaendelea mpaka ng'ombe wa mwisho.

Tibanga yeye alielewa. Hakuweza kusema, maana angesema nini? Angewaambia askari kwamba watu wake wanamlilia mwingine siku ya sherehe yake? Alikaa na ile kanzu mpaka mwisho, uso umekakamaa.

Kesho yake akaniita. Watu wake wawili walikuwa wanangoja, na mchi wa kinu umeegemea ukuta.

"Hukunitaja hata mara moja," alisema.

"Hukuwa na ng'ombe katika kundi lile."

"Nyoosha mkono."

Walinishika. Mchi uliangukia mkono wa kulia, dole gumba na kile kinachofuata. Sitawaeleza zaidi. Tazameni wenyewe, ndiyo maana mkono huu umekaa hivi, na siku za baridi kidole hiki hakinisikii.

Nyamwiza aliufunga kwa nyuzi za mgomba na vijiti. Alinilisha kwa mkono wake, akalima peke yake, akakata kuni peke yake. Hakuna siku aliyoniambia nilikosea kuimba, wala siku aliyoniambia nilifanya vizuri. Lakini alipompita Tibanga njiani alitema mate chini, wazi, mbele ya watu, na mimi nilikuwa naogopa kila siku kwamba naye atachukuliwa.

Nilipopata nafuu nikaenda kwa Katunzi. Akaushika mkono wangu kwa vigutu vyake, akaupapasa mfupa kwa mfupa.

"Karibu kwetu," akasema.

Akanifundisha upya, kwa vidole vilivyosalia. Mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu mkono unakumbuka ulivyokuwa unaweza, unakimbilia pale pale, na pale hapafikiki tena. Ilibidi nihamishe nyimbo zote. Sauti nyingine zilipotea kabisa. Katunzi alikufa kabla sijamaliza. Nilimpigia kwenye matanga yake, vibaya, na nadhani angenicheka mpaka akohoe.

Miaka ikapita, ikaja vita ya Wazungu kwa Wazungu. Askari wa boma wakaondoka siku moja kama watu wanaohama, wakaja wengine na bendera nyingine, wakachukua mbuzi wale wale na wapagazi wale wale. Tibanga hakuwa na mtu wa kumlinda tena. Hao wapya walimvua cheo cha mkungu wakambebesha mzigo kama mtu mwingine yeyote. Alirudi anaharisha damu, amekonda, akaingia nyumbani kwa mama yake karibu na kisima. Hakuna jirani aliyempelekea hata maji. Akafa.

Siku ya pili mama yake alikuja kwetu. Alikuwa mzee, alikuja akitegemea fimbo, akasimama uani bila kukaribishwa. Nyamwiza alikuwa anamenya ndizi. Hakunyanyua kichwa.

"Hakuna aliyekuja," mama yule aliniambia. "Nimemzika na kaka yangu, wawili tu. Hakuna kilio. Nimekuja kukuomba."

"Mama," nikasema, "unajua alichonifanyia?"

"Najua. Nilikuwa nyumbani kwake siku ile. Nilisikia." Akanitazama mkono. "Sikuombi umsifu. Sikuombi useme alikuwa mwema. Lakini nilimzaa mimi, na hajatajwa na mtu yeyote isipokuwa mimi. Mtaje tu."

Nilimtazama Nyamwiza. Aliendelea kumenya, kisu kikienda na kurudi. Nikamwambia yule mama atangulie. Kisha nikachukua enanga.

Nikakaa mbele ya nyumba ile karibu na kisima. Nilimwomba mama yake anieleze, akanieleza: alivyozaliwa siku ya mvua ya mawe, alivyokuwa anaogopa vyura, alivyombeba mama yake mgongoni alipougua, alivyotaka kuwa mtu mkubwa tangu mdogo. Nikayaimba hayo, kwa vidole nilivyonavyo. Sikuongeza, sikupunguza. Kwenye migomba ya jirani niliona watu wamesimama wanatazama, hakuna aliyetoka. Mama alikuwa analia peke yake, na sauti ya mtu mmoja uwanjani ni ndogo mno, afadhali ukimya.

Nikasikia miguu nyuma yangu. Nikadhani wanakuja kunitoa. Alikuwa Nyamwiza, mikono bado ina utomvu wa ndizi. Hakunitazama. Alipita mbele yangu, akakaa chini kwenye majani kando ya yule mama, akafungua kitambaa kichwani, akaanza kulia kwa sauti, kama inavyotakiwa.